Shilingi 300 Kila Mwezi: Jinsi ya Kusaidia Shule Yako ya Zamani Bila Pesa Kupotea Njiani



Januari huwa na mambo yake. Kuna sare, kuna nauli, kuna deni la Desemba, na katikati ya hayo yote meseji inaingia kwenye lile kundi la WhatsApp la watu mliosoma nao shule ya msingi: shule yetu inaumia, watoto wanashinda njaa, tufanye kitu. Dakika kumi baadaye kila mtu ameandika "niko ndani". Watu kadhaa wanatuma pesa kwa simu ya yule aliyeanzisha mazungumzo. Picha moja ya magunia inawekwa. Ikifika Machi, kundi limenyamaza, na hakuna anayejua zile pesa zilinunua nini wala zilibaki ngapi.

Makala haya tumewaandikia wale ambao hawataki kundi linyamaze. Kuna watu wengi wanaojitolea kusaidia shule za serikali: wanafunzi wa zamani, walimu waliostaafu, vijana wa vyuo, vyama vya akina mama, makanisa, na hata wageni wanaokuja kutoka nje. Moyo wanao. Kinachowaangusha mara nyingi ni mpangilio. Shule haivunjiki siku moja, inavunjika kidogo kidogo kila mwezi, kwa hivyo msaada unaoishikilia ni ule mdogo unaorudi kila mwezi na ambao kila mtu anaweza kuufuata kwa macho. Tutatumia Meru na Embu kama mfano wetu, halafu mwishoni tuingie kwenye simu yako, hatua kwa hatua.

Ni bure, lakini bure ina mipaka

Tuanze na swali ambalo watu huuliza kwa hasira kidogo: si elimu ya msingi ni bure? Kwa nini tuchange?

Ndiyo, ni bure. Januari 2003 serikali ilifuta karo katika shule za msingi za umma, na idadi ya wanafunzi ikaruka kutoka kama milioni 5.9 hadi kama milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Ukitembea Kenya leo utakutana na watu wazima waliosoma kwa sababu ya mwaka ule. Serikali hutuma mgao kwa kila mwanafunzi, na kwa shule ya msingi mgao uliowekwa ni shilingi 1,420 kwa mwaka.

Hebu tupige hesabu. Mwaka wa shule una siku kama 180 za masomo. Gawanya 1,420 kwa 180 na unapata chini ya shilingi 8 kwa mtoto kwa siku. Hizo zinatakiwa kununua vifaa vya kufundishia na kugharamia mambo madogo ya kuendesha shule. Mishahara ya walimu walioajiriwa na TSC inalipwa kando na serikali, sawa. Lakini chakula cha mchana hakimo kwenye zile shilingi 8. Na mahali walimu wa TSC hawatoshi, shule hujaza pengo kwa mwalimu anayelipwa na bodi ya usimamizi, yaani BOM, na bodi hutafuta hizo pesa inavyojua.

Tangu Januari 2023 kuna jambo lingine. Gredi ya 7 ilianza kusomea ndani ya shule za msingi, ikafuatwa na Gredi ya 8 na ya 9. Watoto ambao zamani wangekuwa kidato cha kwanza sasa wako kwenye uwanja ule ule, wanatumia vyoo vile vile na tangi lile lile la maji. Wana mgao wao mkubwa zaidi, lakini kuta za shule hazikuongezeka kwa kasi waliyoongezeka wao.

Kaunti moja, hali mbili

Mtu asiyejua Meru na Embu huona majani chai na mito, akasema huku hakuna shida. Ni kweli ukiwa Manyatta au Runyenjes, au ukipita Nkubu na Imenti Kusini, mlima unalisha watu. Kuna chai, kahawa, ndizi, ng'ombe wa maziwa. Lakini teremka. Kutoka mji wa Embu ukienda Kiritiri, au Siakago na Ishiara, unaingia Mbeere, na joto linakuambia umefika. Huko ni ndengu, kunde, mtama na mahindi yanayoombewa mvua. Meru nako, mashariki kuelekea Mbuga ya Meru, na kaskazini ukishuka kuelekea Isiolo, ni nchi kavu vivyo hivyo.

Katika maeneo hayo makavu, mvua ya vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wakulima huitegemea zaidi, na mavuno yake huja karibu Februari. Ikikosa kunyesha, muhula wa kwanza unaanza ghala likiwa tupu. Mwalimu hahitaji redio kujua mvua imekosa. Anaona kwenye daftari la mahudhurio.

Kisha kuna miraa kule Igembe na Tigania, na muguka kule Mbeere. Zao hili limesomesha watoto wengi, hatutadanganya. Lakini pia linaita. Mvulana wa miaka 12 anayechuma anaweza kurudi nyumbani na noti mfukoni siku hiyo hiyo, na darasa halimpi noti. Soko likiyumba, nyumba nayo inayumba. Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014. Soko la Somalia lilifungwa mwaka 2020, na likafunguliwa tena Julai 2022. Kila mara hivyo, mzazi aliyekuwa akichangia mpishi wa shule bila kusukumwa anageuka kuwa mzazi anayeomba muda.

Kwa hivyo shule inayosaidiwa ijue imekaa wapi. Shule ya juu mlimani inaweza kuwa na chakula ikakosa madawati. Shule ya chini nyikani inaweza kuwa na madarasa mazuri, yaliyojengwa na wafadhili, na watoto wamebaki nyumbani kwa sababu hakuna sufuria inayochemka. Kabla ya kuchanga chochote, muulize mwalimu mkuu swali moja: ni kitu gani kikikosekana watoto hawaji?

Sahani moja ya githeri kwa hesabu

Mara nyingi nyikani jibu ni chakula, kwa hivyo tukihesabu vizuri. Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilianza kulisha watoto wa shule Kenya mwaka 1980. Kuanzia 2009 serikali iliingia na mpango wa kununua chakula karibu na shule zenyewe, na mwaka 2018 WFP ilikamilisha kukabidhi kazi hiyo kwa serikali. Mipango hiyo ililenga hasa maeneo kame, na ndani ya maeneo hayo hayo chakula kinaweza kuchelewa. Hapo ndipo wanaojitolea huingia.

Kipimo kilichotumika katika mpango huo ni hiki kwa mtoto mmoja kwa mlo mmoja: gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe au kunde, gramu 5 za mafuta ya kupikia, na chumvi kidogo yenye madini joto. Ni githeri ya kawaida kabisa. Gunia moja la mahindi la kilo 90 linatoa sahani 600.

Chukua mfano wa shule ndogo ya watoto 200, siku 20 za masomo kwa mwezi. Hizo ni sahani 4,000. Zinahitaji mahindi kilo 600, maharagwe kilo 160 na mafuta kama kilo 20. Sasa tuweke bei za mfano tu, wewe utaweka za soko lako: mahindi shilingi 50 kwa kilo, maharagwe shilingi 120, mafuta ya mwezi mzima shilingi 6,600.

Wazazi wakikubaliana kila mtoto alete gorogoro moja ya mahindi kwa mwezi, hiyo ni kama kilo 2, basi kilo 400 zimepatikana bila shilingi kutoka mfukoni. Zinabaki kilo 200 za kununua, shilingi 10,000. Maharagwe ni 19,200. Jumla na mafuta ni 35,800. Kuni wazazi wanaleta kwa zamu.

Sasa rudi kwenye lile kundi la WhatsApp. Watu 150 wakituma shilingi 300 kila mmoja, ni 45,000. Chakula kimelipwa, na shilingi 9,200 zimebaki za kumshika mkono mama anayepika nusu siku, chumvi, na akiba kidogo. Ukigawa, pesa zenu ni shilingi 11 na senti 25 kwa sahani. Shilingi 300 zako peke yake ni sahani 26 na zaidi kidogo: mtoto mmoja amekula mwezi mzima na mwenzake wiki nzima.

Angalia kilichofanya kazi hapo. Hakuna tajiri kwenye hesabu. Kuna watu 150 na gorogoro 200.

Jambo moja la hatari ambalo watu wa mjini husahau: mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu yenye sumu, aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani na jirani zake, na nyika ya Mbeere ina hali ya hewa inayofanana na huko. Kwa hivyo kama kundi lenu linanunua kwa wingi wakati wa mavuno bei ikiwa chini, na ni vizuri kufanya hivyo, mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, yapimwe kwa mashine na si kwa kuuma na jino, kisha yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta. Hata mahindi ya gorogoro yapitiwe kabla ya kuingia stoo. Gunia lililooza ni la kutupwa, hata kama aliyelitoa ni mheshimiwa.

Kwa nini harambee ya siku moja haitoshi

Watu wa huku hawakufundishwa kuchanga na mtu. Miaka ya 1930, kabla ya uhuru, wazazi wa Mlima Kenya, Embu ikiwemo, walikuwa wakijenga shule zao huru nje ya zile za wamishonari, kwa pesa na mikono yao. Serikali ya kikoloni ilizifunga wakati wa Hali ya Hatari ya 1952. Uhuru ulipokuja 1963, Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa mwito wa taifa, na neno lenyewe liko kwenye nembo ya nchi. Shule nyingi tulizosomea zina angalau ukuta mmoja wa harambee.

Harambee hujenga vizuri vitu vinavyojengwa mara moja: darasa, tangi, choo. Udhaifu wake uko kwa vitu vinavyoisha. Maharagwe yanaisha. Sodo zinaisha. Mshahara wa mwalimu wa BOM unaisha tarehe 30. Zaidi ya hayo, harambee ilizoea kumngoja mgeni wa heshima na bahasha yake, na Julai 2024 Rais William Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali na watumishi wa umma kushiriki harambee. Shule iliyokuwa imeegemea bahasha hiyo ilibidi itafute mguu mwingine.

Simu ndiyo imewapa watu wa kawaida mguu huo. Tangu Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa, imewezekana kutuma kiasi kidogo bila kusafiri. Mwaka 2011 ukame ulipouma kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja, na watu wakatuma hata shilingi 10 kwa simu. Lengo lilipitwa. Nchi ikaona kwamba mia mia za watu wengi ni mto.

Lakini hata ule ulikuwa mchango wa dharura. Mfano ambao tungependa kila kundi la kusaidia shule liuangalie ni wa Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Mwaka 2012 Wawira Njiru, aliyekuwa akisomea lishe Australia, alichangisha pesa kwa kuwapikia watu chakula cha Kikenya, akaanza kulisha watoto 25 wa shule ya umma kutoka jiko dogo. Kazi hiyo ilikua ikawa shirika la Food for Education. Kilichotuvutia sisi ni malipo. Mzazi huweka pesa kidogo kupitia simu, mtoto huvaa bangili yenye chipu mkononi, anapofika kwenye foleni anaigusisha kwenye mashine na sahani inahesabiwa. Mtoto hashiki pesa. Mpishi hashiki pesa. Na mtoto ambaye mlo wake umelipiwa na mfadhili anagusisha bangili ile ile kama mwenzake, kwa hivyo hakuna anayejua nani ni maskini. Nairobi walipoanza mpango wa Dishi na County mwaka 2023 pamoja na serikali ya kaunti, mzazi alilipa shilingi 5 kwa mlo na kaunti ikaongeza zilizobaki.

Kundi lako la watu 150 halihitaji bangili. Linahitaji kuiga mambo mawili tu: pesa kidogo kila wakati, na rekodi ya kila sahani.

Wanaotoa muda badala ya pesa

Si kila mtu ana shilingi 300, na si kila shida ya shule inatatuliwa kwa pesa. Meru kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kule Nchiru, na Embu kuna Chuo Kikuu cha Embu. Vyote vimejaa vijana wenye Ijumaa mchana bila kazi. Walimu waliostaafu nao wako kila kijiji. Ukitaka kutoa muda, haya ndiyo mambo ya kujua kwanza, maana sheria ina meno.

Kufundisha darasani ni kazi ya mwalimu aliyesajiliwa na TSC. Hata mwalimu wa BOM lazima awe na namba ya TSC. Kwa hivyo mwanafunzi wa chuo asiingie kuchukua somo la hisabati eti kwa sababu anaijua. Pia Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa hivyo "tuisheni ya kujitolea" mwezi wa Agosti inaweza kumtia mwalimu mkuu taabani, hata kama hamtozi kitu.

Mnachoweza kufanya ni kingi. Kusoma hadithi na watoto wa gredi za chini baada ya masomo, mwalimu akiwepo. Kutengeneza madawati, fundi mmoja na vijana wanne wanaweza kurudisha madawati mengi kwa Jumamosi moja. Kuchimba bustani ya sukuma wiki na kuipanga maji yake. Kufunika vitabu na kupanga maktaba. Kutembea na mwalimu hadi nyumba ya mtoto aliyepotea kwa wiki mbili, kujua kama yuko shambani kwa miraa, au ni mgonjwa, au ameona aibu kwa sababu ya sare.

Wasichana wana hesabu yao. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali kuwapa sodo za bure wanafunzi wa kike waliobalehe walio shuleni, lakini shule ikikosa hata kwa mwezi mmoja, msichana hukosa siku nne au tano. Kundi dogo la akina mama linaloweka katoni mbili stoo kama akiba limeziba pengo hilo. Mpeni mwalimu wa kike funguo.

Na kanuni moja bila mjadala: mgeni yeyote, awe mwanafunzi wa zamani, kasisi au mzungu mwenye kamera, asikae peke yake na mtoto, na asipige picha ya mtoto anayekula ili kuiweka mtandaoni. Pigeni picha ya sufuria, ya gunia, ya risiti. Sura ya mtoto mwenye njaa si risiti.

Sasa twende kwenye simu yako

Hapa ndipo makundi mengi huanguka. Mweka hazina anaanza akiwa mwaminifu kabisa, pesa za shule zinaingia kwenye laini yake, zinachanganyika na za mboga na za boda, na baada ya miezi mitatu hata yeye hajui zipi ni zipi. Hakuiba. Lakini hawezi kuthibitisha, na hapo imani imeisha. Fuateni hatua hizi.

Kwanza, pesa ziende kwa shule, zisiende kwa mtu. Shule ya umma ina akaunti ya benki inayosimamiwa na BOM. Mwombe mwalimu mkuu barua yenye jina la akaunti, benki na nambari ya akaunti, ikiwa na muhuri. Ukilipa kupitia Paybill ya benki, kumbuka jambo ambalo wengi hawalijui: mara nyingi jina litakalotokea kwenye simu ni la benki, si la shule. Kwa hivyo nambari ya akaunti ndiyo kila kitu. Isome mara mbili kabla ya kuweka PIN, na mara ya kwanza tuma kiasi kidogo kwanza, uliza shule kama kimeonekana, ndipo uendelee.

Pili, kama kundi linataka kukusanya kwanza kabla ya kupeleka shuleni, fungueni akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na pesa zisitoke bila wawili kukubali. Asiwe mtu na mkewe.

Tatu, daini risiti. Hii si kusumbua mtu. Sheria ya Elimu ya Msingi inasema wazi hakuna mtu anayeruhusiwa kukusanya michango bila kutoa risiti rasmi. Meseji ya simu inaonyesha pesa zimeondoka kwako. Risiti ya shule inaonyesha zimefika kwao. Unahitaji zote mbili, kwa hivyo usifute meseji.

Nne, chagueni tarehe. Tarehe 5 inafaa walio na mishahara. Wanaouza majani chai au wanaotegemea siku ya soko watajua yao. Anayeweza shilingi 50 atume 50, na jina lake liandikwe sawa na la aliyetuma 5,000.

Tano, ripoti ya ukurasa mmoja kila mwisho wa mwezi: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, sahani ngapi, siku ngapi bila chakula na kwa nini. Iwekwe kwenye kundi, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo shuleni, mahali mzazi asiye na simu ya intaneti ataisoma. Siku zilizokosa chakula ziandikwe bila kuficha. Mtu akiona ukweli hata ukiwa mbaya, mwezi ujao atatuma tena.

Sita, jihadharini na walaghai. Wakijua kundi lina pesa watakuja. Mmoja ataandika namba mpya ya kulipia na kusema ile ya zamani imefungwa. Mwingine atapiga akidai ametuma pesa kwako kimakosa, umrudishie haraka. Namba ya kulipia isibadilike bila barua nyingine yenye muhuri, na pesa zilizotumwa kimakosa zirudishwe kupitia huduma kwa wateja pekee. Sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN yako. Kamwe.

Mtoto ambaye mzazi wake hana

Tumeacha jambo hili mwisho kwa sababu ndilo zito zaidi. Kila mpango wa mchango una mzazi ambaye hatalipa. Si mkaidi. Ghala lake ni tupu, au analea wajukuu wanne kwa kibarua cha kuchuma kahawa cha msimu. Mpango wenu ukiwa mzuri sana kwa hesabu, ndipo hatari inapoingia: mtu ataandika orodha ya ambao hawajaleta gorogoro, orodha itasomwa paredi, na mtoto ambaye chakula kilipikwa kwa ajili yake ndiye atakayerudishwa nyumbani.

Sheria imekataa hilo. Shule ya umma hairuhusiwi kutoza karo ya masomo. Michango mingine inahitaji idhini, na hata ikiwa na idhini, hakuna mtoto anayeweza kukataliwa shuleni kwa sababu mzazi hajalipa. Hata kundi la kujitolea haliwezi kuweka sharti juu ya hilo. Kwa hivyo kwenye hesabu zenu wekeni tangu mwanzo kwamba sehemu ya gorogoro hazitakuja, na zile shilingi 300 zifunike pengo. Mzazi asiye na mahindi anaweza kuleta kuni, au kuchota maji, au kupika Jumanne. Asiye na hata hilo, mtoto wake apange foleni, ashike sahani, ale. Orodha ya madeni ikae kwenye faili la mweka hazina na isitoke hapo.

Kabla hujafunga ukurasa huu, fanya mambo matatu. Mpigie mwalimu mkuu wa shule yako ya zamani umuulize ni kitu gani kikikosekana watoto hawaji. Mwombe barua ya akaunti yenye muhuri. Kisha andika kwenye kundi lenu tarehe moja ya mwezi na kiasi kimoja kidogo, halafu uwe wa kwanza kutuma. Muhula unaanza na kengele, na saa saba mchana foleni ya sahani itakuwa imepangwa, mkiwa mmetuma au hamjatuma.